Mahindi hayakutoka India, mbaazi ndizo zilizotoka huko

Siku ya soko, Marikiti ya Machakos hujaa magunia tangu alfajiri. Hapa mahindi meupe, pale maharagwe, kando yake mbaazi, ndengu na kunde. Ukiwauliza wauzaji ni kipi kati ya vyakula hivyo kilicho cha jadi hasa kwa Wakamba, wengi watakuonyesha mahindi bila kusita. Watakuuliza: Mkamba bila muthokoi ni Mkamba gani? Na bila isyo je, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao majirani zetu Wakikuyu huuita githeri? Ukiwauliza tena ni kipi kilichotoka mbali, huenda wasikupe jibu. Vyote vimezoeleka, vyote ni vya nyumbani.

Swali hili si la mchezo. Nyakati hizi ambapo mvua ya Ukambani haitabiriki, tunahimizwa kila uchao turudie vyakula vya jadi. Sawa, lakini vya jadi ni vipi? Ushahidi mmojawapo uko vinywani mwetu, nao ni majina ya vyakula vyenyewe. Taabu ni kwamba majina hayo yana ujanja wake, na asiyeujua hupotoshwa.

Tuanze na mahindi. Katika Kiswahili, mmea wenyewe ni muhindi, wingi mihindi, ngeli ya U-I. Zao lake ni hindi, wingi mahindi, ngeli ya LI-YA. Mtu anayetoka India ni Mhindi, wingi Wahindi, ngeli ya A-WA. Shina ni lile lile, -hindi. Kinachobadilika ni viambishi tu. Kwa hiyo mwanafunzi anayesema kwamba mahindi maana yake ni mazao ya Kihindi amelisoma jina vizuri. Alichokosea ni historia ya mmea.

Wataalamu wa mimea wameonyesha kwamba mahindi yalitokana na nyasi za mwituni ziitwazo teosinte. Wakulima wa kale wa kusini mwa Meksiko ndio walioanza kuzipanda na kuteua mbegu bora, takriban miaka 9,000 iliyopita. Yalibaki katika mabara ya Amerika hadi Christopher Columbus alipovuka Atlantiki mwaka wa 1492. Miaka sita baadaye, 1498, Vasco da Gama akatia nanga Malindi. Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka wa 1593, na wakafurushwa na Waomani mwaka wa 1698. Ni katika karne hizo mbili ambapo mimea ya Amerika ilianza kutua Pwani yetu: mahindi, muhogo, tumbaku na mingineyo.

Mbona basi mahindi hayakupewa jina la Ureno, au la Amerika yenyewe? Hebu jiweke mahali pa mkulima wa Pwani wa enzi hizo. Meksiko haijui. Anachojua ni kwamba kaskazi ikivuma huleta vyombo, na vyombo hivyo huleta vitu vya ng'ambo kutoka upande wa India na Arabuni. Hata hao Wareno, makao yao makuu katika Bahari ya Hindi yalikuwa Goa, huko huko India. Kitu kigeni kilichoshushwa chomboni kilihesabiwa kuwa kimetoka India. Jina likatolewa, likashika, na hadi leo hatujalibadilisha. Wahindi wenyewe, kwa taarifa yako, hawayaiti mahindi ya kwao. Huyaita makai.

Tusijicheke, maana tuna wenzetu wengi. Waturuki huyaita mahindi mısır, neno lile lile wanalotumia kuitaja nchi ya Misri. Waitaliano nao huyaita granoturco, yaani nafaka ya Kituruki. Na ukitaka kucheka kidogo, mtazame bata mzinga, ndege aliyefugwa kwanza Meksiko. Waingereza humwita kwa jina la Uturuki. Waturuki humwita hindi, yaani wa India. Wafaransa nao humwita dinde, neno litokanalo na maneno yenye maana ya "wa India". Wareno humwita peru, jina la nchi ya Amerika Kusini. Ndege mmoja, majina chungu nzima, na hakuna hata moja kati ya hayo linaloitaja Meksiko.

Jikoni mwetu mifano ni tele. Pilipili manga ina neno Manga, jina la kale la Waswahili kwa Uarabuni, hasa upande wa Omani. Lakini mmea huo wa pilipili asili yake ni pwani ya Malabar, kusini magharibi mwa India. Waarabu walikuwa wauzaji tu. Viazi ambavyo kamusi zetu huviita viazi ulaya havikuzaliwa Ulaya. Vilitoka milima ya Andes, huko Amerika Kusini, vikapitia Ulaya kabla ya kufika kwetu. Na katika Kiingereza cha hapa kwetu huitwa vya Ireland! Kwa hiyo chungu cha isyo kilichotiwa viazi na nyanya, chakula ambacho Mkamba atakiapia kuwa cha babu yake, kina mahindi ya Amerika, maharagwe ya Amerika, viazi vya Amerika na nyanya za Amerika.

Sasa geuza upande wa pili. Mbaazi, ambazo kwa Kikamba ni nzuu, zina jina lisilomkumbusha mtu yeyote India. Wakulima wa Machakos, Makueni na Kitui ndio wazalishaji wakuu wa mbaazi nchini Kenya. Waswahili wamezizoea hata wakazitungia methali: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Lakini ni mbaazi, naam, zilizolimwa kwanza India. Ndengu vilevile. Sehemu ya mbaazi za Afrika Mashariki huuzwa India kila mwaka zikapikwe dali, kama mtoto anayerudi kwao baada ya safari ndefu na asitambuliwe na mtu.

Ndiyo maana nasema: jina la kitu kwa kawaida hutueleza kilipitia mkononi mwa nani kabla ya kutufikia. Halituelezi kilizaliwa wapi. Ukilitumia kama ramani ya safari, litakusaidia sana. Ukilitumia kama cheti cha kuzaliwa, litakudanganya.

Tutoke jikoni, twende kwenye nguo. Wakamba walikuwa wafanyabiashara wa masafa marefu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara yao ilishuka Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi bara na vitambaa, shanga na nyaya. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Ludwig Krapf mwaka wa 1849, alikuwa miongoni mwa vigogo wa biashara hiyo. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote katika Afrika Mashariki ya wakati huo ni merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi.

Hapa jina lilianza likiwa kweli tupu. Kitambaa kile kilifumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts, kikaletwa na merikebu za bandari ya Salem. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka wa 1833, na mwaka wa 1837 ikawa na balozi mdogo Unguja. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani, 1861 hadi 1865. Pamba ikaadimika, merikebu zikapungua. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vikajaza pengo. Je, watu walibadilisha jina? Thubutu! Waliendelea kukiita merikani, hata kilipokuwa kimefumwa Bombay. Ukienda leo kwa fundi cherehani ukamwambia akupimie yadi mbili za amerikani, atakupimia bila kukuuliza kimetoka nchi gani. Jina liliacha kutaja nchi, likabaki kutaja aina ya nguo.

Fedha nazo zina kisa kama hicho. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka thumuni, sarafu ya senti 50. Senti tano ilikuwa ndururu, senti kumi ilikuwa peni, na nusu shilingi ilikuwa thumuni. Tuliitumia kununua peremende na wala hatukujiuliza. Lakini thumuni, au sumuni, ni neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Nusu ya kitu itaitwaje sehemu ya nane? Huoni hesabu hiyo imekataa?

Hesabu haijakataa. Tunapigia hesabu sarafu isiyo yake. Kabla ya utawala wa Waingereza, fedha kuu ya Pwani ilikuwa riale, sarafu kubwa ya fedha halisi, yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. (Tazama, hata jina hilo la riale chimbuko lake ni sarafu ya Kihispania!) Riale moja ilikuwa na thamani ya takriban rupia mbili za India. Thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya riale, na kwa hiyo ililingana na robo rupia. Kisha mwaka wa 1920 rupia ikaondolewa katika Afrika Mashariki ya Waingereza, ikaja florini, na mwaka uliofuata, 1921, ikaja shilingi. Florini moja ilichukua mahali pa rupia moja, nayo ilikuwa sawa na shilingi mbili. Sasa piga hesabu: rupia moja ni shilingi mbili, robo rupia ni nusu shilingi. Riale ilikwenda, rupia ikaifuata, florini haikuwahi kuota mizizi, lakini sehemu ya nane ya riale ikabaki katika mifuko ya watoto wa shule wa Machakos kwa miaka mingi baada ya riale yenyewe kusahaulika.

Msomaji makini ataniuliza: Profesa, tutajuaje kisa kipi cha asili ya neno ni cha kweli na kipi ni cha kubuniwa? Maana siku hizi simu zetu zimejaa visa vitamu vya asili ya kila kitu, na kila kimoja kinasimuliwa kwa uhakika wa hakimu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba kisa cha asili ya neno kisimame kwa mafiga matatu, kama chungu. Figa la kwanza ni sauti: je, mabadiliko ya sauti yanaelezeka? La pili ni watu: je, wenye neno hilo walikutana kweli na waliolipokea, mahali gani na lini? La tatu ni kumbukumbu: je, kuna matumizi ya zamani, jina la mahali au maandishi yanayounga mkono? Likikosekana figa moja, usiinjike chungu.

Tujaribu kwa neno gereza. Husemwa kwamba limetokana na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kanisa liwe jela? Mtu husikia na kutikisa kichwa. Lakini hebu tuyakague mafiga. Sauti: irabu ya mwanzo imedondoka, irabu imepachikwa kati ya g na r ili kuvunja mfuatano wa konsonanti, na sauti ya Kireno isiyokuwepo katika Kiswahili imekuwa z. Yote hayo ni mambo ya kawaida katika maneno tuliyoyakopa. Watu: Wareno walikaa Mombasa takriban karne nzima, na ndani ya ngome yao mlikuwa na kanisa. Kumbukumbu: zamani gereza lilimaanisha pia ngome, na hadi leo ngome ya kale iliyoko Kilwa Kisiwani huitwa Gereza. Tunaona basi hatua zilizopitiwa: kanisa lililo ngomeni, kisha ngome yenyewe, kisha mahali pa kufungia watu. Fort Jesus yenyewe ilitumiwa na Waingereza kama jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mafiga matatu yamesimama.

Neno Kariokor, mtaa wa Nairobi, nalo linafaulu mtihani huo. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps, ambamo maelfu ya Waafrika walibebeshwa mizigo ya jeshi na wengi wasirudi. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wana Kariakoo, neno lile lile kutoka kikosi kile kile. Na jina Machakos? Wakamba wanauita mji wao Masaku, kwa jina la mzee mashuhuri aliyeishi hapa kabla ya wakoloni. Wageni walilisikia, wakalitamka walivyoweza, wakaliandika hivyo katika ramani. Makao ya utawala yalipohamishiwa Nairobi mwaka wa 1899, kwa kuwa reli ilipita mbali na hapa, jina lililokosewa lilikwisha kukauka wino.

Sasa turudi kwenye chakula, maana hapo ndipo penye uzito. Kama jina la kukopwa hueleza njia tu, je, lugha haina namna yoyote ya kutuonyesha kilicho cha kale kwetu? Ipo. Tutazame maneno ambayo hatukuyakopa bali tuliyarithi.

Chukua nafaka ambayo Kiswahili huiita mawele, au uwele. Wakikuyu huiita mwere. Wakamba huiita mwee. Mtu asiye na mazoea ataona maneno matatu. Mwanaisimu huona neno moja. Palipo na l katika Kiswahili, Kikuyu mara nyingi huwa na r, na Kikamba hakina kitu. Usinikubalie kwa imani, pima mwenyewe. Kiswahili husema kulima, Kikuyu kurima, Kikamba kuima. Kiswahili husema kilima, Kikuyu kirima, Kikamba kiima. Mkazi wa Machakos anaujua ushahidi huu hata bila kwenda chuo kikuu, kwani kando ya mji wake kuna Kiima Kimwe, kilima kimoja.

Utaratibu huu unatuambia nini? Kwamba neno hilo lilikuwepo kabla lugha hizi hazijaachana, na kila lugha ilipoondoka nyumbani iliondoka nalo, ikalifanyia yale yale iliyoyafanyia maneno yake mengine yote. Nafaka yenyewe, basi, ilijulikana na mababu wa pamoja wa Waswahili, Wakikuyu na Wakamba. Hilo ni jambo la zamani sana, kabla ya Wareno, kabla hata ya kuwepo kwa Mswahili na Mkamba kama watu wawili tofauti.

Linganisha na mahindi. Waswahili wanasema mahindi, Wakamba mbemba, Waganda kasooli, Wachewa wa Malawi chimanga. Wakikuyu wana mbembe, inayofanana na ya Wakamba, lakini hao ni majirani. Watu wa ua mmoja huazimana hata moto. Ukivuka mipaka ya ujirani, kila jamii ina jina lake. Hiyo ndiyo sura ya kitu kigeni: kila mlango kilipobisha hodi kilibatizwa upya.

Ushahidi wa mimea unakubaliana na ushahidi wa lugha. Mawele asili yake ni ukanda wa Saheli, Afrika Magharibi. Mtama, ambao Wakamba huuita muvya, ulianza kulimwa katika eneo la Sudan ya leo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wimbi ulitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Kunde ni za Afrika pia. Basi katika Marikiti yetu, vyakula vya Afrika tangu shina ni hivi: mtama, mawele, wimbi na kunde. Na magunia yake ndiyo machache kuliko ya mahindi.

Sisemi mababu zetu walikuwa wajinga kwa kuyakumbatia mahindi. Walikuwa na sababu nzuri. Hindi lina maganda yake, ndege hawalifikii kirahisi. Mtama husimama wazi kama meza iliyoandaliwa. Kazi ya kuamia ndege ilikuwa ya watoto, na watoto wakaenda shule. Mahindi huzaa sana mvua inapokuwa njema, na katika karne ya 20 yakapata mbegu, soko na vinu. Mtama ukabakizwa kuwa chakula cha wakati wa njaa, na jina la kitu likishaambatana na njaa, hakuna anayetaka kukiandalia wageni.

Lakini mahindi yana kasoro moja kubwa hapa kwetu. Mvua ikikatika wakati yanapochanua, hayasamehi. Mtama hufanya vingine: hujikunja, ukasubiri, na mvua ikirudi ukaendelea na safari. Wakamba waliipa kila njaa kubwa jina lake. Njaa ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, iliyoenea kila mahali. Ile ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a ngwete, yaani nafa huku nimeshika; pesa zi mkononi lakini chakula hakipo cha kununua. Hayo ni majina ambayo hayakupitia mikono ya mfanyabiashara yeyote. Walioyatoa ndio walioshinda na njaa.

Kwa hivyo tunapoambiwa turudie vyakula vya jadi, tuangalie maneno. Mkulima anayepanda mbegu anayoiita mahindi ya kienyeji, ile aliyoirithi kwa bibi yake, huamini amerudi kwenye mizizi. Neno kienyeji limemtuliza. Kumbe kienyeji hapo linamaanisha tu kwamba mbegu haikutoka dukani. Mmea bado ni wa Meksiko, na bado una kiu yake ya Meksiko. Mwenzake aliyepanda mtama huchekwa kuwa anarudi nyuma, kumbe ndiye aliyepanda kitu ambacho lugha yake inakikumbuka tangu zamani za zamani.

Naomba nisieleweke vibaya. Ugeni wa kitu si dhambi. Mbaazi ni mgeni kutoka India, na ni mgeni aliyestahimili ukame wetu kuliko wengi. Muhogo ni mgeni kutoka Brazili na maeneo jirani, na umeokoa maisha ya watu wengi. Cha muhimu ni kuchagua kwa ujuzi, tusichaguliwe na majina.

Na mahindi yenyewe hayakukaa kimya. Karibu na mji wa Machakos kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Katumani. Katika miaka ya 1960 watafiti wa hapo walitoa mbegu ya mahindi inayokomaa upesi, iwahi kuzaa kabla mvua haijakatika. Mbegu hiyo ikaitwa Katumani. Ilienea katika nyanda kame za Kenya, ikavuka mpaka hadi Tanzania, na huko pia wakulima huijua kwa jina hilo hilo. Mmea wa Meksiko, wenye jina la India, umebatizwa tena kwa jina la kijiji cha Machakos. Miaka mia tatu ijayo huenda mwanafunzi fulani wa Dodoma akaandika kwamba mahindi ya Katumani yalizaliwa Ukambani. Mwalimu wake amsahihishe kwa upole, kwani njia ambayo mbegu ilipitia atakuwa ameipata barabara.

Kwa sasa nakuachia kazi ya nyumbani. Wapo wazee ambao bado wanayajua majina ya aina za mtama, mawele na wimbi zilizokuwa zikipandwa kabla ya mahindi kutawala, kila aina na jina lake. Keti nao, uliza, andika majina hayo kwa lugha yao kama wanavyoyatamka, pamoja na walichokuwa wakipikia kila aina. Majina hayo hayamo katika kamusi nyingi, na mbegu hupotea haraka zaidi pale ambapo hakuna tena anayejua kuiita.